Jalada la Jarida la Muziki: Uso wa Nani?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapana shaka hawakuwahi kuuza majarida katika steji ya matatu mjini Kitale. Hapo jarida zuri na jarida baya hulala pamoja juu ya gunia, moja limelifunika jingine, pakabaki ukanda mwembamba wa juu na ubavu wa kushoto. Abiria anayekimbilia gari la Bungoma ana muda wa kutupa jicho mara moja tu. Kikimvutia hicho kidogo kilichojitokeza, atainama na kuuliza bei. Kisipomvutia atapanda gari, na yote yaliyoandikwa ndani kwa jasho yatabaki hayajulikani.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu kazi ya kusanifu jalada si ya wachapishaji wa Nairobi peke yao tena. Mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeiweka Sanaa na Michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu. Mwalimu anayetafuta zoezi linaloshika uchoraji, lugha na muziki kwa mkono mmoja hana haja ya kwenda mbali: awaambie wanafunzi wake watengeneze jalada la jarida la muziki.

Tuliwahi kuombwa na mwalimu mmoja wa magharibi mwa nchi tuyatazame majalada ya namna hiyo, yapatayo thelathini. Maagizo waliyopewa wanafunzi yalikuwa mafupi: jalada liwavutie vijana wa Kitale na Bungoma. Kazi ilikuwa safi kuliko tulivyotazamia. Herufi zilipangwa vyema na rangi hazikugombana. Lakini tulipoyatandaza sakafuni tukaona jambo lililotusikitisha. Zaidi ya nusu yalibeba nyuso za waimbaji wa Marekani, zilizochukuliwa kwenye intaneti. Kadhaa yalikuwa na wanamuziki mashuhuri wa Nairobi. Mawili yalikuwa na ngoma za isukuti, na moja lilikuwa na kijana wa tohara aliyepakwa tope mwili mzima. Hapakuwa na hata moja lenye sura ya mtu ambaye mwanafunzi aliyelisanifu amewahi kumsikia akiimba mbele yake, kanisani, arusini au matangani.

Hilo si kosa la mkono. Ni kosa la dhana kuhusu nani anastahili kuonekana. Mtoto wa Kimilili anayeamini kwamba mwanamuziki ni mtu wa mbali, na kwamba mtu wa karibu ni mpigaji tu, ataipeleka imani hiyo kila atakapokwenda. Kesho atakuwa mhariri, au mwenye hoteli anayeamua ni nani alipwe kupiga muziki Jumamosi usiku.

Tuanze na nyuso za Marekani, maana ndizo nyingi. Hatusemi kwamba sura ya mgeni ni haramu. Jarida la Rolling Stone lilipoanzishwa San Francisco mwaka 1967, toleo lake la kwanza lilikuwa na John Lennon, Mwingereza, tena hakushika gitaa. Alivaa kofia ya chuma ya askari, picha iliyotoka katika filamu aliyoigiza. Hatujui kama wahariri walikusudia, lakini kwa kijana wa Marekani aliyekuwa akingoja barua ya kuitwa jeshini kwenda Vietnam, kofia ile haikuwa pambo. Sura ya mgeni ilifaa kwa sababu iligusa jambo la pale pale. Wanafunzi wetu hawakutuonyesha jambo kama hilo. Walichagua sura hizo kwa kuwa ni maarufu, na sura maarufu mnunuzi anazo bure katika simu yake. Kwa nini atoe shilingi zake kununua asichokosa?

Tena picha hizo zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda picha kama inavyoulinda wimbo. Wanafunzi hao hao walikuwa wameandika kwenye majalada yao vichwa vya kuwalaani wanaonakili nyimbo za wasanii bila malipo, na vichwa hivyo vikakaa juu ya picha zilizonakiliwa bila malipo. Mwalimu alicheka tulipomwonyesha. Nasi tulicheka, lakini alama hatukutoa.

Majalada yenye isukuti yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa wanafunzi waliyoyafanya walikuwa na nia njema. Walitaka kuwa wazalendo. Walisikia kwamba isukuti imetambuliwa na UNESCO, na ni kweli: mwaka 2014 iliwekwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Lakini isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Msomaji wa Bungoma akiiona juu ya jarida linalodai kuwa lake atajua papo hapo kwamba aliyelitengeneza amemwona kwa mbali, akasema, "Hawa wote ni Waluhya." Mbukusu ana litungu, kinubi ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Waluo. Ana siilili, zeze la uzi mmoja. Wasabaot wa Mlima Elgon nao wana vinubi vyao na nyimbo zao. Kukosea chombo ni kama kukosea jina la mtu unapomsalimu: hata salamu ikiwa na upole namna gani, amekwisha kuudhika.

Hata hivyo, kuondoa isukuti na kuweka litungu hakutoshi, na hapa tunaomba walimu watusikilize kwa makini. Liko funzo kutoka Afrika Kusini. Mwezi wa Machi mwaka 1951 lilianzishwa huko Cape Town jarida lililoitwa The African Drum. Waanzilishi wake walikuwa wazungu waliodhani wanamjua msomaji Mwafrika. Walimpa ngoma za kienyeji, hadithi za kale na habari za machifu. Msomaji mwenyewe alikuwa mtu wa mjini, anaishi katika mitaa ya Johannesburg, anavaa suti, anapenda jazi, ndondi na sinema. Aliona jarida lile linamrudisha kijijini kwa nguvu, naye hakulinunua. Jim Bailey, aliyetoa fedha, hakumlaumu msomaji. Ofisi ilihamia Johannesburg, akaitwa Anthony Sampson kuwa mhariri, wakaajiriwa waandishi na wapiga picha Waafrika, na wasomaji wakaulizwa wanataka nini. Jina likafupishwa likawa Drum. Nyuso za waimbaji wa mjini, akina Dolly Rathebe, zikachukua mahali pa machifu, na jarida likaenea hata likawa na matoleo ya Afrika Magharibi na Afrika Mashariki. Wazee wetu walilisoma Nairobi na Kampala.

Kwa hiyo mwanafunzi anayemweka mzee wa litungu mbele ya kibanda cha nyasi, amevishwa ngozi aliyoazimwa ili apigwe picha, amefanya kosa lile lile la Cape Town, tena kwa watu wa kwao. Mpiga litungu tunayemjua sisi huvaa koti. Hufika arusini kwa bodaboda, chombo kimefungwa mgongoni kwa gunia ili vumbi lisikiharibu. Husimamishiwa maikrofoni iliyofungwa kwa kamba kwenye kijiti, naye huilalamikia sauti ya spika kabla hajaanza. Akiimba huwataja waliokuja na waliotuma mchango, na hajasahau aliyeahidi asitoe. Huyo ndiye mwanamuziki. Picha yake akikaza uzi huku amekunja uso kwa kusikiliza itamsimamisha kijana yeyote wa Bungoma, kwa sababu amewahi kumwona, na hajawahi kumwona juu ya jalada.

Sasa lile jalada la kijana wa tohara. Kwa ufundi lilikuwa bora kuliko yote, na ndilo tulilolikataa bila kusita.

Inajulikana kwamba katika nchi ya Wabukusu mwezi wa Agosti wa mwaka usiogawanyika nusu kwa nusu huwa kimya, na ule wa mwaka shufwa hujaa nyimbo. Vijana huzunguka kwa jamaa zao wakitikisa chinyimba, njuga za mkononi, na kundi la waimbaji huwafuata usiku na mchana hadi alfajiri ya mtoni, wanapopakwa tope. Mwanafunzi alitwambia kwamba huo ndio muziki mkuu wa Bungoma, na kwamba jarida la muziki lisilouonyesha ni jarida la uongo. Hoja yake ni nzito, wala hatukuweza kuipangua. Tulichokataa ni picha. Aliyesimama pale nusu uchi ni mtoto, na siku ile ni ya hofu yake na ya ukoo wake. Hakukaa apigwe picha. Amelazimika kusimama bila kupepesa macho kwa sababu nyingine kabisa, na mwenye kamera akaiba utulivu huo akaupeleka sokoni. Baada ya mwezi mmoja mtoto yule atarudi shuleni, na jalada litakuwa limefika kabla yake.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na picha yake ni mojawapo ya habari hizo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kiasi hicho kingeununulia ukumbi wa muziki wa shule vyombo vya kutosha. Walimu wanaosimamia majarida ya shule, hata yale ya nakala mia moja za kurudufiwa, hawana budi kulijua hili kabla ya kuwatuma watoto na simu zenye kamera.

Tulimwuliza yule mwanafunzi: muziki wenyewe unatoka wapi? Akafikiri, akasema unatoka katika koo za waimbaji na katika chinyimba. Basi piga picha ya chinyimba. Mkono mmoja, chuma, na vumbi linaloruka. Hakuna Mbukusu atakayeuliza ni nini, na yeyote asiyekuwa Mbukusu ataliinua jarida ili aulize.

Lipo pia suala la jina na lugha, na hapo Kitale na Bungoma huachana. Bungoma unaweza kuandika neno la Lubukusu juu ya jalada na wengi wakalipokea kama salamu ya nyumbani, ingawa Watachoni wa Ndivisi, Wateso wa Malakisi na Wasabaot wa mlimani watakukumbusha kwamba nao ni wenyeji. Kitale haina mwenyeji mmoja. Soko lake lina Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu, Wakisii na Wanandi, na wazee wake wanakumbuka mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliyochoma nyumba Endebess, kama watu wa Mlima Elgon wanavyokumbuka damu ya mwaka 2006 hadi 2008. Jina la jarida katika mji kama huo likisikika kama jina la ukoo mmoja, jirani hatalinunua, na atakuwa na sababu. Tunapendekeza Kiswahili kwa jina, neno moja fupi, na lugha za mama zipewe nafasi ya heshima katika majina ya nyimbo na ya vyombo, zikiandikwa kama wenyewe wanavyoziandika. Mwanafunzi mmoja aliliita jarida lake Mulembe. Neno ni zuri, maana yake ni amani, lakini tayari ni jina la stesheni ya redio, na jalada linalomkumbusha mnunuzi redio litamfanya afungue redio.

Kuhusu Sheng, walimu wengi watanuna. Sisi hatununi sana. Neno moja la mitaani ndani ya kichwa kidogo halitaua Kiswahili. Tunachochukia ni jalada lililojaa Sheng ya Nairobi kwa kijana wa Kiminini ambaye hazungumzi hivyo, kisha anajiona mshamba katika jarida aliloahidiwa kwamba ni lake.

Ufundi wenyewe hauna mengi, nao hujifunzwa kwa macho. Jina likae juu kabisa, kwa kuwa ndiko kunakobaki wazi gunia likijaa. Sura iwe moja. Tunajua kishawishi cha kuiweka kwaya nzima iliyoshinda katika Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927 na ambayo kwa wasomaji wetu wa shule ni makubwa kuliko tuzo yoyote ya ughaibuni. Lakini nyuso arobaini katika karatasi moja ni nukta arobaini. Mchague msichana aliyeanzisha wimbo, wazazi wake wakikubali, na wenzake wakae ndani kurasa mbili nzima. Macho yake yakimtazama mnunuzi, mnunuzi atageuka, kwani ndivyo binadamu alivyo.

Rangi nazo zina hila. Jalada likining'inia juani wiki mbili, manjano na nyekundu hupauka mapema na samawati hubaki, ndiyo maana mabango ya zamani katika vinyozi huonekana kama yametoka majini. Herufi nyekundu juu ya kijani hupendeza kwenye kompyuta, lakini kikirudufiwa kwa nyeusi na nyeupe, kama shule nyingi zinavyolazimika kufanya, vyote huwa kijivu kimoja na maneno hupotea. Kabla ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa, mwanafunzi airudufu mara moja, ailaze sakafuni, aifunike nusu ya chini kwa daftari, kisha arudi nyuma hatua sita. Kisichosomeka hapo hakitasomeka stejini. Halafu aitazame ikiwa ndogo kama kisanduku cha kibiriti katika simu, kwa maana vijana wengi siku hizi hukutana na jalada huko kwanza.

Na maneno yawe machache. Karatasi ni ghali, na wino pia. Msafiri wa barabara ya Kitale aliyekuwa akipitia Kamukuywa na Misikhu kuingia Webuye zamani alipokewa na harufu ya kiwanda cha Pan Paper kabla hajaliona bomba lake la moshi. Watu waliikemea harufu ile, lakini ilikuwa harufu ya karatasi iliyotengenezwa nyumbani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, kikanunuliwa na wenye mali wengine mwaka 2016, na katikati ya miaka hiyo mji ulijifunza thamani ya pua iliyoziba. Tumetoka kidogo nje ya mada, lakini mwanafunzi anayepoteza robo ya jalada kwa maneno yasiyouza chochote afahamu kwamba kuna mtu aliyelipa.

Wako watakaosema tunalipa uzito mno ganda la nje, na watatukumbusha uzuri wa mkakasi. Tunaujua mkakasi. Jalada linaloahidi mahojiano na mwanamuziki fulani, kisha ndani mna aya tatu zilizonakiliwa gazetini, ni mkakasi kweli, na msomaji akidanganywa mara moja harudi. Dawa yake ni ile ile: aliye juu ya jalada awe mtu ambaye mwanafunzi amekwenda kwake, amekaa naye, amemwuliza litungu lake alilipata kwa nani na nyuzi hununua wapi, na amemwomba ruhusa. Picha ya intaneti haikupi mahojiano, na ndiyo sababu kurasa za ndani za majalada mengi tuliyoyaona zilikuwa tupu.

Majalada tuliyarudisha kwa mwalimu bila alama, tukamshauri zoezi lirudiwe kwa sharti moja tu: kila mwanafunzi amtafute mwanamuziki anayeweza kumfikia kwa miguu au kwa nauli ya matatu moja. Tulitarajia manung'uniko, na yalikuwapo. Msichana mmoja aliuliza kama babu yake anahesabiwa. Tukamjibu kwamba anahesabiwa, mradi asimvishe ngozi. Mwalimu alituandikia baadaye kwamba darasa limeomba kuongezewa wiki mbili, kwa kuwa watu wanaowatafuta hupatikana Jumamosi tu.